Mama Angélique na Nusu ya Pili ya Wimbo

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Mama Angélique Kabedi anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika Kampuni ya Opera ya Bellevue, karibu yote akiwa mwalimu wa kwaya. Siku hiyo hiyo anatakiwa kukabidhi funguo za chumba cha mazoezi. Uongozi umeniomba niandike kwamba "anakabidhi", lakini mimi namjua, na nitaamini nikiziona funguo mezani.

Naitwa Shufaa, fundi mkuu wa mavazi, mtu wa Tanga. Ukurasa huu wa Kiswahili katika kijitabu cha kumuaga nimepewa mimi kwa sababu Mama Angélique husema Kiswahili changu ni cha kusomea taarifa ya habari. Cha kwake cha Lubumbashi kilinichukua mwaka mzima kukizoea, kwa hiyo tumetoka sare.

Alifika Johannesburg mwaka 1996 pamoja na mumewe, Pacifique. Alisuka nywele Yeoville, mtaa wa wahamiaji kama yeye, akaimba kanisani, na mwaka 1998 akaja hapa kujaribiwa sauti huku vidole bado vinateleza kwa mafuta ya nywele. Akachukuliwa. Miezi michache baadaye mwalimu wa kwaya aliondoka, Mama akaombwa ashike nafasi kwa muda. Huo muda ndio tunaouaga leo.

Wanakwaya wake ni wenye spaza, vile viduka vya mtaani, za Soweto, walinzi, wasusi na mafundi cherehani. Wengi walipofika walikuwa hawajawahi kuona noti ya muziki iliyoandikwa. Leo wanaimba Kifaransa, Kiitaliano na Kijerumani, na mgeni akiwasikia kwa mara ya kwanza hugeuka kuangalia sauti zinatoka wapi. Kanuni ya Mama ilikuwa moja: kilichoandikwa kinaimbwa, kisichoandikwa hakiimbwi. Mtu akiongeza madoido ya kanisani kwenye noti ya mwisho, Mama aliweka penseli chini polepole, na chumba kizima kilijua kimenuka.

Lakini huwezi kumweleza Mama Angélique bila kumweleza Mfaransa wake, Aurélien Courtavel. Usione aibu kama humjui. Hata huko Ufaransa wanaomjua nadhani wangeenea kwenye teksi moja, na nafasi ya mizigo ikabaki.

Courtavel alikuwa mtoto wa mwoka mikate katika mji wa machimbo ya makaa ya mawe. Maisha yake yote alipiga kinanda cha kanisa, na kwa kuwa migodi ile ilikuwa inaua, kazi yake kubwa ilikuwa mazishi. Muda uliobaki alitunga opera. Alitunga tano. Ya kwanza, kichekesho cha harusi ya msaga unga, ilichezwa majuma mawili ikasahaulika. Ya pili, ya wafanya magendo ya chumvi, ilikataliwa. Ya tatu na ya nne hakuna aliyejisumbua hata kuzikataa. Nami nimevisikia vipande vyake, Mama akiwafundishia kwaya, kupitia ukuta wa chumba changu cha kushonea, na nasema bila haya kwamba mara nyingi nilizima cherehani. Nyimbo zake hazipigi kelele. Zinapanda taratibu, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo ya maji kichwani, na wewe unajikuta umeshika pumzi kwa niaba yake.

Ya tano ni Mjane wa Mgodini. Ilifika jukwaani mwaka 1889. Katika tendo la mwisho mwanamke ameketi kwenye mlango wa mgodi uliommeza mumewe, anaimba peke yake. Wimbo unakatika mara kadhaa. Kila ukikatika, mjane ananyamaza kwa muda mrefu, na okestra inabaki na noti moja tu ya chini. Siku ya kwanza watazamaji walidhani mwimbaji amesahau maneno. Wakapiga miluzi ya kuzomea mpaka pazia likashushwa kabla ya mwisho. Magazeti yaliandika kwamba mtunzi ameishiwa. Courtavel alirudi kwenye kinanda chake, hakutunga opera nyingine, akafa bila kusikia mwisho wa kazi yake mwenyewe.

Mama Angélique alifundishwa wimbo huo shuleni Lubumbashi na mtawa mmoja, Sista Hélène, ila karatasi za Sista ziliishia pale wimbo unapokatika mara ya kwanza. Binti wa miaka kumi na tano akabaki na nusu ya wimbo. Alikuja nayo hadi huku. Mwaka mmoja baada ya kufika, Pacifique alifariki, na waliomzika hawakujaza benchi moja. Mama alimwimbia mumewe ile nusu, ikakatika palepale ilipokatika siku zote. Aliniambia jambo hili mara moja tu, tukikunja mavazi, nami sikumuuliza tena. Miaka mingi baadaye maktaba moja ya Ufaransa ilimtumia nakala ya opera nzima. Angeweza kujifungia akaimba hadi mwisho. Alikataa. Alisema ameshauimba peke yake vya kutosha, na kwamba safari hii anataka kuusikia ukimalizika mbele ya watu.

Kila msimu aliomba opera hiyo, kila msimu aliulizwa nani atanunua tiketi ya Courtavel. Mwaka huu, kwa kuwa ulikuwa msimu wake wa mwisho, uongozi ulikubali onyesho moja, Jumapili mchana. Likiharibika hilo, hakuna lingine.

Mjane alikuwa Héritière, binti aliyezaliwa hapahapa Joburg, ambaye Kizulu anakiota na Kifaransa anakitafuna kama mfupa. Mama alimfundisha neno kwa neno, isipokuwa ukurasa wa mwisho: huo Héritière alijifunza peke yake, na kila mazoezi yalipoufikia, Mama alitoka nje. Katika tendo la mwisho kwaya ni wanawake watupu, na haina noti hata moja: inasimama nyuma, kimya. Damien, mwelekezaji wetu, aliwapanga wasimame kama ukuta, nami nikawashonea sketi nyeusi za kubana, kitambaa cha Fordsburg, kazi ambayo nilijisifia bila kungoja kusifiwa.

Siku ya mazoezi na okestra, Héritière aliimba, wimbo ukakatika, ikabaki ile noti ya chini. Ndipo Mama Victorine, mwanakwaya wa sauti nzito kutoka Kolwezi, akatoka kwenye mstari, akaketi sakafuni karibu na Héritière, akaanza kuvumisha sauti ileile ya chini, mdomo umefungwa. Nyuma yake akaja wa pili, wa tatu, kisha wote. Mshono mmoja wa sketi zangu ulipasuka. Damien alisimamisha mazoezi. Wakaanza upya, wakarudia kosa lilelile. Mama Angélique aliweka penseli chini. Aliwauliza ni wapi kwenye karatasi wameona sauti hiyo, na ikiwa wanataka Courtavel apigiwe miluzi mara ya pili.

Mama Victorine hakuinuka pale sakafuni. Alisema tu, "Mama, mutu akililia wa kwake, hatumuachake ye moya. We unajua."

Nilikuwa pembeni na pini mdomoni, na nilimwona Mama Angélique akiziokota karatasi zake. Alifungua kurasa, akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akawaomba okestra waanze tena, na safari hii hakumzuia mtu. Sauti ya wanawake ilikaa juu ya noti ile, katika kila ukimya, hadi ukurasa wa mwisho, na hakuna mahali ilipogongana na chochote. Hatujui kama Courtavel alikusudia hivyo. Alizika watu maisha yake yote. Huenda wanawake wa mji wake walivumisha hivyohivyo makaburini, naye akaona haina haja ya kuandika kitu ambacho kila mtu anakijua. Au huenda tulijazia wenyewe. Mama alimwambia Damien kwamba yeye ndiye aliyeishika kanuni ya karatasi miaka yote hii, na yeye ndiye anayeivunja, kwa hiyo miluzi ikipigwa apigiwe yeye. Damien, muungwana, aliniuliza kama sketi zinaweza kupanuliwa. Nilifumua zote.

Jumapili ile ukumbi ulijaa kuliko tulivyotarajia. Yeoville yote ilikuwa imeitana. Dakika chache kabla ya tendo la mwisho Mama Angélique alikuja kwangu akaomba sketi. Nikampa.

Wimbo ulipokatika mara ya kwanza, mtu mmoja kwenye viti alianza kupiga makofi, akaacha. Wanawake waliketi, Mama akiwa kati yao, wakaanza kuvumisha. Kisha nikasikia sauti hiyo ikitoka mahali pengine, nikadhani ni spika. Haikuwa spika. Ilikuwa viti vya nyuma, kina mama na kina baba waliozika watu katika nchi ya ugenini, wanavumisha pamoja na kwaya. Héritière akasimama kwenye mwanga, akaingia nusu ya pili, ikapanda, ikapanda, ikafika mwisho. Hakuna aliyepiga mluzi. Mtu alikaa miaka mia moja thelathini na zaidi akingoja kusikilizwa, akaja kusikilizwa huku kwetu.

Nilimkuta Mama nyuma ya pazia, uso umelowa. Nikamuuliza basi mwisho wake ukoje. Akasema hajui. Alilia tangu ukimya wa kwanza hadi pazia likafungwa, na katika wimbo wote hakusikia kitu.

Kwa hiyo, Mama, asante kwa sauti zote ulizotutoa vifuani bila sisi kujua zimo, na asante kwa ukali. Hotuba zimekwisha. Héritière yuko tayari kukuimbia wimbo wako tena, na kina mama wamekuachia nafasi katikati yao. Penseli nimeificha mimi. Hutaongoza, hutasahihisha, na leo hakuna ruhusa ya kulia kabla ya ukurasa wa mwisho. Tunakuombea uzeeni raha na afya. Sasa tulia, Mama, usikilize.