Stokingi za Bi Leonsia wa Mapokezi

Bi Leonsia Kahigwa katumikia kiwanda chetu cha nyavu hapa Mkuyuni miaka ishirini, tangu 1963, na tarehe 30 Juni 1983 anastaafu. Ukiingia, anakupokea yeye. Ukitoka, anakuaga yeye, na habari zako zote kashazijua.

Miaka ya mwanzo hatukuwa na shida. Balaa alikuja nalo meneja Ndalahwa aliporudi kozi Ulaya mwaka 1975: eti mwanamke wa mapokezi lazima avae stokingi, zile za kupanda mpaka kiunoni. Na joto lote hili! Tena zilikuwa rangi ya mzungu. Basi Bi Leonsia akawa uso wa Bukoba, miguu ya Ulaya. Wavuvi wa Mwaloni wakija kununua nyavu wanamwangalia miguu: "Mama, wavu huu wa dagaa mnauzaje?" Naye hakosi jibu: "Huu umeshanasa, kaka. Nenda dirisha la pili."

Lakini alizimudu. Kila asubuhi anakuja na kandambili toka Kirumba, ananawa miguu bombani, anapaka poda, ndipo anazivaa stoo, polepole kama anamvisha kichanga. Zikitoboka anaziba kwa rangi ya kucha. Jioni anazifua kwa mkono, anaanika kivulini.

Mwaka 1979 madukani hamna kitu, hata sabuni ya kutafuta. Bi Leonsia kabakiwa na pea moja tu. Na ndiyo kwanza tumeletewa binti wa kumsaidia mapokezi, Sihaba, yuko kwenye majaribio, na mama yake mgonjwa anamtegemea yeye. Siku moja tukaambiwa anakuja mgeni mkubwa toka wizarani. Ndalahwa akasema wazi: "Sihaba, nikikuta mguu mtupu mapokezi, kazi huna."

Mtoto wa watu akalia mpaka chai ikapoa. Bi Leonsia akachukua mkasi wa nyavu, akazikata stokingi zake katikati toka kiunoni. Mguu mmoja wake, mmoja wa Sihaba, wakafunga pajani kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. "Simama kiubavu, mwanangu. Huo mwingine ufiche nyuma ya meza."

Ikaenda vizuri mpaka Ndalahwa alipowaita wamsindikize mgeni kiwandani. Wakashikana mikono kama maharusi, miguu iliyovaa nje, mitupu ndani. Kufika kwenye mashine, mpira wa huyu ukalegea, wa yule nao ukafuata, stokingi zikashuka zikajikunja kifundoni.

Mgeni alikuwa mama mnene, kavaa makubazi, miguu yake mwenyewe haina kitu. Akasimama. "Poleni wanangu! Wote wawili bandeji? Meneja, mashine gani hii inaumiza watu?"

Ndalahwa jasho likamtoka. "Si mashine, ndugu. Ni stokingi. Ni amri yangu."

"Amri ya mguu mmoja?"

Tulicheka mpaka mashine zikazimwa. Kesho yake amri ikafutwa: anayetaka avae, asiyetaka aache. Mwezi uliofuata Sihaba akathibitishwa kazini, na kuanzia Julai hii kiti cha mapokezi ni chake.

Asante sana, Bi Leonsia. Nenda Bukoba ukapumzike, migomba na kahawa vikustawie, Mungu akupe afya na wajukuu wasikivu. Kaa kibarazani, mama, unyooshe miguu, ipate hewa.