Nyumba Hii Ni ya Mama Yenu

Sikilizeni wanangu, sogezeni viti, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni kama nilipokuwa nikifundisha darasa la watoto sitini. Na wewe mdogo wangu usisimame hapo dirishani kama mtu anayesubiri gari; keti, nusu ya maneno haya ni yako.

Nilikuwa mwalimu, na mama yenu alipoteuliwa kuwa balozi niliweka chaki chini nikamfuata nchi ya kwanza, ya pili, hadi ya nne. Huko mwenzi wa balozi haruhusiwi kuajiriwa, kwa hiyo mwanamume mzima nilikuwa naamka, napiga pasi shati, kisha sina pa kwenda nalo. Kwenye karamu walinikalisha na wake za mabalozi, na kikadi mbele ya sahani yangu kimeandikwa "Mke wa Balozi", kwa kuwa aliyekichapa hakuwaza kama kuna kiumbe kama mimi. Nilicheka nikala, na wale mama wakanifundisha kufuma masweta. Jumamosi niliwakusanya watoto wa maofisa na wa madereva katika chumba cha kufulia, tukasoma Kiswahili huku mashine zikinguruma, na ninyi wawili mmenuna mstari wa mbele. Leo mnanielewa bila mkalimani, basi mshahara wangu nimeupata. Ila kila darasa lilipoanza kushika, uhamisho ulikuja. Nimechoka, wanangu, na si kufundisha kulikonichosha, ni kuaga.

Sasa nyumba. Kule tulikaa katika majumba makubwa, lakini kila kiti kilikuwa na namba ya serikali chini yake, na nguo ya kuazima haisitiri makalio. Mama yenu alilijua hilo, akanunua kiwanja hiki, akajenga chumba baada ya chumba kwa jasho lake, mimi nikija likizo kugombana na mafundi. Ilipokwisha akaiandikisha kwa jina langu. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Ndugu zako wameshasema umeolewa. Sitaki uzeeke ukionekana mgeni kwangu." Hayo ndiyo mapenzi, na hayo hayo ndiyo yanayoninyima usingizi, kwa sababu nikishazikwa watakuja watu na mikeka na mabegi, waseme nyumba ni ya ndugu yao, mjane atafute pa kwenda.

Mdogo wangu, usiinamishe kichwa. Siku ya msiba wa mama yetu ulisema mbele ya ukoo, "Kaka ameolewa, asitupangie," watu wakacheka, na kicheko kile nimezunguka nacho dunia nzima. Lakini ulipokuja kwetu kupasuliwa mguu, mimi nilikuwa nimelazwa kwa homa ya mapafu, na ni huyo shemeji yako aliyetoka ofisini kila jioni kukukanda na kukuogesha, balozi wa nchi nzima amekunja mikono ya gauni. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Juzi mwanasheria alikuja, nikatia sahihi, nyumba imerudi kwa mwenyewe, iko kwa jina la mama yenu. Lakini karatasi haimtoi mtu aliyekwisha kutandika mkeka sebuleni, na ukoo husikiliza mdomo wako kuliko mihuri. Kwa hiyo nataka neno lako, hapa, watoto wakisikia.

Nipeni maji kidogo. Haya.

Binti yangu mkubwa, nizikeni mapema, bila hotuba za wakubwa. Wewe kitinda mimba, vitabu vyangu vipeleke shule yoyote iliyo karibu, usivifungie kabatini vikaliwa na mende. Msigombane. Mkigombana, gombaneni kwa Kiswahili, ili mwelewane.

Mungu awape usingizi mzuri, watoto wenye heshima, na... na mahali pa kurudi. Hilo la mwisho ndilo kubwa.

Mdogo wangu, bado nasubiri. Pumzi hii si ya kupoteza.

Sema kwa nguvu, masikio nayo yamechoka.

"Shemeji hatoki. Atakayekuja kumtoa ataanza na mimi."

Mmesikia, wanangu. Ahsante, ndugu yangu, lile la msibani nimelisamehe. Mama yenu yuko jikoni tangu asubuhi, anajifanya anachemsha maji, hataki kuonekana anasikiliza mambo ya urithi. Kamwiteni. Mwambieni aache hayo maji, aje akae... yuko kwake.