Kombe la Kula

Uwamahoro, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, Kigali, alikuwa akisinzia kwenye taksi ya kwenda mjini, mwaka 1991, mpaka aliposikia wanaume wawili wa kiti cha mbele wakibishana kuhusu badminton.

"Lile kombe la kwanza la kanda ni letu, Kigali," alisema mzee mwenye kofia nyeupe. "Mvua iliharibu fainali, refa akasema basi, ni kula. Tukapiga kula, tukashinda."

Uwamahoro alielewa kuwa ni kura. Kwa watu wa Kigali, r na l huazimana viti bila kuombana ruhusa.

Kijana aliyekaa kando ya mzee akageuka mzima mzima. "Kumbe ni nyinyi! Baba yangu alichezea Bujumbura. Alisikia kula, akaenda kukaa mezani na wenzake. Kurudi, kombe halipo!"

"Ulafi wao! Sisi tulisema kula."

"Kula ya sahani au ya karatasi?"

"Kula!" mzee alifoka, kana kwamba sauti kubwa ingenyoosha ulimi.

Taksi ikasimama sokoni. Mzee akateremka, akachungulia dirishani. "Mwambie babako aje Biryogo, tupige kula upya."

"Sawa, mzee. Aje na karatasi au aje na njaa?"