Alwin Retterath, Fundi Asiyeamini Chupa Iliyofunguliwa

Marehemu Alwin Retterath alizaliwa tarehe 3 Februari 1955 huko Adenau, katika nyumba ya chini ya mteremko, mtoto wa kwanza wa Hubert na Klara Retterath. Baba alikuwa mkata mbao, mama alifuga ng'ombe wachache. Miaka kumi na miwili baadaye akazaliwa dada yake, Mechthild, na Alwin ndiye aliyemfundisha kutembea, kuendesha baiskeli, na kushika breki kabla ya kona na si katikati yake.

Alisoma hapahapa Adenau mpaka mwaka 1970. Hakuwa mtu wa vitabu. Mvumo wa magari ya mashindano ulipoingia darasani kutoka msituni, mwalimu alifunga madirisha, naye Alwin akaendelea kusikiliza. Mwaka huohuo akaanza kujifunza ufundi katika gereji ya mzee Leuther, Breidscheid, chini kabisa ya Ring, ile njia ya mashindano msituni ambayo yeyote akilipa hukimbizia gari lake, na hakutoka hapo mpaka alipostaafu mwaka 2020.

Wengine walijulikana kwa injini. Alwin alijulikana kwa breki. Watu walitoka mbali kumwuliza watie mafuta gani ya breki, wengi wao wakiwa na gari la kwendea kazini ambalo Jumapili hutaka kukimbia. Aliwauliza kwanza, "Unakwenda Ring mara ngapi? Na utayabadilisha lini?" Aliyekimbia kila wiki na kuyabadilisha kila mara alipewa yale makali ya mashindano. Wengine wote aliwapa mafuta mazuri ya kawaida na amri ya kuyabadilisha kila mwaka kabla ya msimu. Kwenye chupa kuna namba mbili, alisema: joto la kuchemka mafuta yakiwa mapya, na joto la kuchemka yakishakunywa maji. "Kila mtu anaringia ile ya kwanza. Mimi nasoma ya pili, maana maji yatanywewa tu." Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani kama chumvi jikoni. Yakichemka kwenye mteremko hutoa mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke hubonyea, na mguu huzama mpaka sakafuni bila gari kusimama.

Tarehe 16 Mei 1981 alifunga ndoa na Roswitha Hörsch katika kanisa la Adenau. Gari la harusi lilikuwa la baba mdogo wa bibi harusi, limepambwa maua mpaka kwenye vioo. Alwin, ndani ya suti yake, aliingiza mguu akakanyaga pedali mara moja, akatoka. "Laini kama tope," alisema. "Mke wangu hapandi humu." Basi bwana na bibi harusi walikwenda kanisani kwa miguu, na baba mdogo aliendesha gari tupu nyuma yao, amenuna. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Annelie na Birte.

Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili: mmoja chini ya gari na spana, mwingine kwenye pedali. Roswitha alikataa mapema. "Mimi nimeolewa na mtu, sikuolewa na pedali." Hivyo kila mwezi wa tatu aliitwa Mechthild kutoka nyumba ya jirani. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Mtaa mzima ulijua msimu umefika.

Mechthild ana mtoto mmoja, Lorenz. Lorenz alipoanza kwenda Ring, mama yake hakulala vizuri tena. Alimwendea kaka yake ili amkataze. "Nikimkataza atakwenda vilevile, dada, ila breki zake zitashughulikiwa na wajinga," Alwin alisema. "Mwache aje kwangu."

Kiangazi cha 2022 Alwin alipatikana na saratani ya kongosho. Oktoba hakuweza tena kuinama. Jumapili ya tarehe 30, siku ya mwisho wa msimu, Mechthild alimpelekea supu na kumweleza kwamba Lorenz ameshakwenda. Asiwe na wasiwasi, alisema, juzi wametia mafuta mapya pamoja, yeye akiwa kwenye pedali.

"Mapya ya wapi?"

"Yale makali uliyomnunulia masika. Ilibaki nusu chupa. Tuliiweka kwenye handaki la viazi, tungeitupaje?"

Alwin aliweka kijiko chini. "Mechthild. Kwenye handaki la viazi? Toa gari."

Walimkuta Lorenz kwenye foleni mbele ya kizuizi cha kuingilia Ring, yamebaki magari machache mbele yake. Alwin, amevaa koti juu ya nguo za kulalia, aligonga kioo.

"Zima. Nipe ufunguo."

"Mjomba, unaniaibisha mbele ya watu!"

"Aibu inapona. Sogea."

"Hii ni chupa ghali kuliko zote, Mjomba! Umeichagua mwenyewe!"

"Niliichagua ikiwa imefungwa. Tangu masika imekunywa unyevu wa handaki zima. Teremka, au nilale mbele ya gari. Leo sina haraka ya kuamka."

Nyuma yao mtu alipiga honi. Lorenz aliteremka.

Je, breki zile zingeshindwa siku ile? Hakuna ajuaye, na Mechthild hataki kujua. Mchana ule Alwin alikaa juu ya kreti ya bia akaelekeza, Lorenz akalala chini ya gari, Mechthild akakanyaga, na chupa ilikuwa mpya. Nusu iliyobaki ya chupa hiyo mpya Lorenz aliipeleka mwenyewe kwenye kituo cha taka za sumu, bila kuambiwa.

Alwin aliaga dunia nyumbani kwake usiku wa kuamkia Alhamisi, tarehe 19 Januari 2023, Roswitha akiwa amemshika mkono. Siku chache kabla, alimwambia dada yake, "Mwezi wa tatu usiwaachie rafiki zake pedali. Kanyaga wewe."

"Mimi ni mwoga, kaka. Sijui lolote."

"Ndiyo maana. Mguu wa jasiri unasema breki ziko sawa kabla hazijawa sawa. Wako haujawahi kunidanganya."

Ameacha mjane, Roswitha, mabinti Annelie na Birte pamoja na waume zao, wajukuu watatu, dada, Mechthild, na mpwa, Lorenz. Kwenye rafu ya karakana yake ameacha chupa moja, haijafunguliwa. Mwezi wa tatu Lorenz atalala chini ya gari, na mama yake atakanyaga.

Kaka, weka spana chini sasa. Mungu akupokee, ulale kwa amani.