Mgonjwa Niliyemwandika Mtoro

Shikamooni wazee wangu. Ninyi wengine, poleni kwa wagonjwa mliowaacha nyumbani ili mje kunisikiliza. Mwenyekiti wa mkutano huu wa wazazi na walimu ameomba nisitaje jina la mtu, na nimekubali, maana ninayekuja kumsema vibaya kuliko wote ni mimi mwenyewe. Wengi mnanifahamu. Mimi ni yule mwalimu wa taaluma aliyehamishiwa huku kutoka Njombe, na wapo humu ndani waliokuwa wakiniona sokoni Nyamongo wanavuka barabara ili wasinisalimie. Walikuwa na haki.

Shuleni nilikuwa naabudu kitu kimoja, wastani wa mtihani. Mtoto asiyefika darasani alikuwa ananishushia wastani, basi nikatunga sheria yangu: mgonjwa asiyeleta barua ya daktari kila wiki aandikwe mtoro. Kila wiki, ndugu zangu. Mzazi apande bodaboda na mtoto anayelia kwa maumivu, akakae kwenye foleni hospitali, ili mimi nipate karatasi ya kuchomeka kwenye faili ambalo wala silifungui. Nilijiona mwerevu sana.

Mama mmoja wa Genkuru alikuja ofisini kwangu mara tatu. Mwanawe alikuwa darasa la sita na ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu ambao mtoto leo anacheza, kesho viungo vyote vinauma hata shuka haliwezi kumgusa. Mara mbili za kwanza alikuja kueleza ugonjwa. Mara ya tatu alikuja kuomba kazi, nimpe kitu mtoto afanye siku akipata nafuu. Nilikuwa nabonyeza kishikwambi changu, na sikuinua macho. Nikamwambia, "Mama, shule haitembezwi majumbani kama maziwa." Walimu wenzangu wakacheka, na mimi nikafurahi kwamba wamecheka. Baada ya miezi kadhaa nikalifuta jina la mwanawe kwenye daftari, na pembeni nikaandika sababu: utoro.

Sasa sikilizeni. Mwaka huohuo nikateuliwa kwenye kamati ya kuandika mtaala wa watoto waliolazwa hospitali na wanaougulia nyumbani. Mimi huyuhuyu. Tulikaa siku nne ukumbini, watu wazima wenye vyeti, hakuna hata mmoja aliyewahi kulaza mtoto zaidi ya wiki. Hatukumwita mzazi yeyote. Hatukumwita muuguzi. Asubuhi nzima ya siku ya pili tulibishana kama tuandike "mtoto mgonjwa" au "mtoto mwenye changamoto ya kiafya", mpaka chai ikaletwa. Kuhusu masomo yenyewe, tulikubaliana haraka: mtoto asichoshwe. Tukaondoa hesabu za sehemu, tukaondoa sayansi karibu yote, tukaweka kuimba, kuchora na kupaka rangi. Kwenye jalada tukaweka kipepeo. Mimi ndiye niliyependekeza kipepeo. Tulipomaliza tulijipigia makofi.

Haukupita muda mrefu binti yangu, naye wa darasa la sita palepale shuleni kwetu, aliteleza kwenye mawe mvua ikinyesha na kuvunjika mguu. Kidonda kikaingia usaha, usaha ukafika kwenye mfupa. Tulilazwa hospitali ya rufaa zaidi ya miezi miwili. Alipasuliwa, akapasuliwa tena. Mimi nililala kwenye mkeka chini ya kitanda chake na kujifunza kumsubiri daktari kama wanavyosubiri watu wengine, bila cheo.

Nikamletea kile kitabu chetu. Alipaka rangi kipepeo wa kwanza. Akapaka wa pili. Kisha akafungua kurasa zote hadi mwisho, akakifunga, akaniambia, "Mama, walioandika hiki wanadhani sisi tunaumwa kichwani."

Akauliza ni nani waliokiandika.

Nikasema sijui.

Ndugu zangu, nawaambia, nimewahi kudanganya wakaguzi na sikupoteza usingizi. Lakini siku ile nilimdanganya mtoto aliyelala na chuma mguuni, kwa kuogopa asije akajua kuwa mama yake ni mjinga. Wiki hiyohiyo akaja ofisa mmoja wa elimu na mpiga picha. Wakawapanga watoto, kila mmoja akashikishwa kitabu, wakaambiwa watabasamu. Binti yangu alikishika kichwa chini miguu juu, makusudi. Hakuna aliyegundua. Picha ikatoka hivyohivyo.

Kuanzia hapo nilianguka vibaya. Niliacha kula, niliacha kuongea na watu, walimu wakija kutuona nawageuzia mgongo. Mtoto akawa ananiuliza wenzake wamefika wapi kwenye hesabu, na mimi, mwalimu wa taaluma, sikujua.

Tuliporuhusiwa kwenda kuugulia nyumbani, nilipita shuleni kuchukua vitabu. Nikafungua daftari la darasa lake. Mstari wa jina lake ulikuwa umejaa alama za utoro, wiki hadi wiki. Nikamfuata mwalimu wa darasa, kijana mpole tu, nikamuuliza kwa ukali kama hajui mtoto wangu alikuwa wapi. Akanijibu taratibu, "Najua, mwalimu. Lakini barua za kila wiki hazikuletwa. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka kengele ya kutoka ikagongwa. Kesho yake nikapanda bodaboda kwenda Genkuru.

Yule mama alikuwa anaanika mtama. Alinitambua tangu mbali, na hakuacha kazi yake. Nikasimama juani kama dakika nzima. Nikamsalimia, akaitikia, kisha akasema, "Umekuja kufuta nini tena?"

Nilistahili neno kali kuliko hilo. Nikamweleza habari za binti yangu. Hakunipa pole. Akanyoosha mkono kuelekea ndani, nikaingia.

Mwanawe alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani, miguu amefunikwa shuka. Mbele yake kuna madaftari. Nikayafungua. Sehemu, asilimia, mfumo wa umeng'enyaji, barua rasmi, kila kitu. Alikuwa mbele ya binti yangu. Mbele ya karibu darasa langu zima, nisiwadanganye.

Nikamuuliza mama yake nani anamfundisha. Akanieleza kwa kifupi, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Watoto wawili wa jirani, wa darasa lilelile, hupita kila jioni kumwachia madaftari yao. Siku ya nafuu mtoto ananakili na kufanya maswali, machache kuliko ya wenzake, lakini ni yaleyale. Siku ya maumivu haandiki, anasomewa tu na hao wawili. Siku ya maumivu makali anaachwa alale, na hakuna anayemhesabia. Kazi ya siku hiyo inasogezwa mbele, haitupwi.

Nikamuuliza, mama, wewe hukusoma shule, unajuaje kama ameelewa?

Akasema, "Ananieleza mimi. Nisipoelewa, hajaelewa. Anarudia."

Ndugu zangu, kamati nzima haikuwa na sentensi moja yenye akili kama hiyo. Tulikuwa na sura ya dira, sura ya malengo, kiambatisho cha maneno magumu na kipepeo wetu. Mtaala ulikuwa Genkuru, kwa mwanamke niliyemfukuza ofisini.

Nilimwomba radhi hapohapo. Akasema radhi yangu haina kazi kwake, anataka jina la mwanawe lirudi. Jumatatu nilimfuata mwalimu mkuu, nikakiri nilichofanya, na jina likarudi. Nilipewa onyo la maandishi. Ni haki.

Kisha nikarudi tena Genkuru, safari hii na karatasi. Yeye akisema, mimi naandika. Muuguzi mmoja wa wodi ya watoto akatuongezea saa ambazo dawa zinawalegeza watoto na saa ambazo vichwa vimechangamka. Tukatoa kurasa tatu. Masomo ni yaleyale ya darasani, mazoezi yanapunguzwa, mpangilio unafuata mwili wa mtoto, mwenzake analeta daftari, na kila kinachosomwa kinaelezwa kwa mtu wa nyumbani kabla ya kwenda mbele. Niliwapelekea wenzangu wa kamati. Mmoja aliniambia huo si mtaala, hauna utangulizi. Nadhani mpaka leo anatafuta utangulizi.

Wodini wanautumia mtaala huo. Ninyi mliomo humu mnautumia, wengine mmeurekebisha na mmefanya vizuri. Binti yangu alirudi darasani akichechemea, na alijua kwamba mimi ni mmoja wa walioandika kile kitabu, maana nilimwambia mwenyewe. Siku mbili alisoma peke yake. Siku ya tatu akaniletea maswali ya asilimia tuyafanye pamoja. Yule mtoto wa Genkuru alifanya mtihani wa darasa la saba akiwa na homa siku ya pili, akafaulu. Sasa yuko kidato cha kwanza.

Namshukuru muuguzi yule, aliyetupa saa zake za kupumzika. Nawashukuru wale watoto wawili wa jirani, ambao hawakusubiri kuambiwa na mwalimu. Namshukuru mwalimu kijana kwa kunijibu kweli bila kunionea haya. Na namshukuru mama aliyekaa mstari wa pili pale, ambaye amenikataza kumwonyesha kidole, kwa hiyo simwonyeshi.

Neno langu kwenu ni hili. Mtu akija na mpango wa kumsaidia mtoto wako, muulize amelala wodini siku ngapi na ameongea na watoto wangapi. Akianza kukusomea dira, mwambie arudi akimaliza kujifunza. Na ninyi walimu mnaonisikiliza, msiwaonee huruma wagonjwa kwa kuwapunguzia masomo. Huruma ya namna hiyo ni dharau.

Yule mama hajasema amenisamehe, na mimi sitamuuliza. Asubuhi hii tu, kabla hatujaingia, ameniambia kuna msichana wa darasa la tano Nyakunguru katoka kupasuliwa, na kwamba kesho saa tatu tunakwenda kwake na zile kurasa tatu, nisichelewe.