Bi Ghaliya binti Nasir, Mpekuzi wa Forodha ya Aden

Ndugu waombolezaji, kabla hatujatawanyika, familia imeona ni vyema mjue tuliyemzika.

Marehemu Bi Ghaliya binti Nasir alizaliwa hapa Aden, mtaa wa nyuma ya forodha, mwezi wa Rajabu mwaka 873 wa Hijria, akasomeshwa Kurani na shangazi yake hadi akahitimu, na kazi akafundishwa na mama yake, mpekuzi wa wanawake wanaoshuka merikebuni, kazi ya kupapasa nywele, mikunjo ya nguo na kila pahali ambapo mtu anadhani lulu haitaonekana.

Aliingia forodhani mwaka 889, na mwaka 891 akaolewa na marehemu Awadh, mwashi wa ukuta wa mji, ambaye hadi kufa kwake alilalamika kwamba hapewi chakula kabla ya kupekuliwa. Walijaliwa mabinti wawili, Safiya na Hind, ambao hawakuwahi kufanikiwa kuficha hata halua.

Muharam mwaka 919, Wafaranji wa Ureno walipotia nanga na mizinga yao, nasi tukijua walivyoifanyia miji mingine ya Waislamu, wanawake waliamriwa wapande mlimani, ila marehemu alijibu kwamba zamu yake haijaisha. Alfajiri Wafaranji waliegemeza ngazi ukutani, wakagombania kupanda hadi zikavunjika, lakini mmoja alikwisha kuangukia ndani, akauendea mlango mdogo wa forodha aondoe komeo, wenzake wakingoja nje. Akamkuta Bi Ghaliya mbele ya komeo.

"Simama hapo, baba, mikono juu. Hapa hapiti mtu sijampapasa."

Mfaranji hakujua neno, na kichwa kilikuwa bado kinamzunguka, ila sauti ile haikuwahi kukataliwa na abiria yeyote, mikono ikapanda yenyewe, naye akavuliwa upanga na visu viwili kabla hajazinduka, waashi wakafika na nyundo zao. Kwa heshima ya marehemu tuseme wazi kwamba huyo ndiye mwanamume pekee, ukimwacha mumewe, ambaye yeye aliwahi kumpekua.

Wafaranji walitweka wakaenda zao. Wakubwa wa forodha walimpongeza, kisha wakabishana hadi adhuhuri kama aliyeingia kwa juu ya ukuta atozwe ushuru wa abiria au wa bidhaa.

Marehemu aliugua kifua tangu Shaabani, akafariki leo alfajiri, tarehe 9 Ramadhani mwaka 940. Tunamshukuru tabibu Yaqub, aliyekubali mkoba wake upekuliwe kila alipokuja, majirani kwa futari, na wenzake wa forodhani waliolibeba jeneza.

Mama, leo umefika kwenye lango ambalo zamu ni ya wengine, nasi tunajua hawatakukuta na cha kuficha. Pumzika, komeo lako liko mahali pake.