Mwalimu Asitahiniwe Njiani

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi, Afisa Elimu Kata, wazee wa Msanzi, shikamooni, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mnaochungulia masufuria badala ya kunitazama: salaam.

Leo nastaafu, na mmenisifu hadi nikageuka nyuma kuangalia anayesifiwa ni nani. Mwalimu Modesti kasema mimi ni mfano wa kuigwa. Modesti huyu huyu ndiye aliyenong'ona ofisini kwamba nimeanza kunywa kimpumu! Ni kweli, niliimbisha wimbo wa taifa mara mbili katika paredi moja. Lakini jamani, si mliimba wote? Nani angenikatisha, wakati kipindi cha kwanza kilikuwa hesabu?

Si pombe. Wala sijarogwa, shangazi zangu muwaache wapumzike. Ni ugonjwa wa Alzaima. Daktari kaniambia kuna protini zinazojikusanya ubongoni miaka mingi kabla mtu hajaanza kusahau. Kama ndizo chanzo chenyewe ama la, watafiti bado wanabishana, tena kuliko kamati yetu ya shule. Kuna dawa mpya huko ng'ambo za kuzipunguza: kwa baadhi ya walio mwanzoni kama mimi zinachelewesha ugonjwa kidogo, haziponyi, na zinaweza kuvujisha damu ubongoni. Mimi sijazipata. Nimeambiwa nidhibiti presha, nitembee, nisijifungie ndani. Hilo la mwisho, ndugu zangu, linawahusu ninyi.

Maana tuna mchezo wetu. Mzee akisitasita kidogo, mtu anamng'ang'ania mkono: "Umenisahau, eh? Haya, nitaje jina!" Watu wanacheka, mzee anatoka jasho, kesho hatoki nyumbani. Sasa mnitahini ya nini, na mtihani nimeshastaafu? Ukinikuta njiani sema tu, "Shikamoo Mwalimu, mimi Yonas wa Kate." Nitakujibu, "Nakujua sana!" Hata kama ni uongo, niachie.

Naogopa, siwafichi. Naogopa zaidi kwa ajili ya mke wangu, Rozina, aliyenikataza kuyasema haya hadharani, na sasa ananikata jicho. Rozina, siku nitakapokuuliza wewe ni nani, usilie. Niambie, "Mimi mkeo." Nitafurahi upya, kama siku ile kwenu Kaoze uliponikubali, nami nikadhani unanitania.

Ahsanteni sana kwa kunitegea masikio.